Kikohozi cha Mlinzi wa Farasi

Mke wa mlinzi alizoea kulala peke yake tangu alipoolewa. Chumba chao kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya wafanyakazi wa shamba, kimeegemeana mgongo kwa mgongo na banda la farasi, na kitanda alikisogeza mwenyewe mpaka ukutani. Upande wa pili wa ukuta ule farasi walipiga kwato, walijikuna kwenye mbao, walishusha pumzi ndefu kama watu waliochoshwa na dunia. Na kila baada ya kitambo alisikia kikohozi. Kikavu, kifupi, cha mwanamume aliye macho. Akishakisikia alijigeuza, akavuta shuka, usingizi ukamchukua.

Kikohozi kile hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa kazi.

Mumewe alipoajiriwa, kabla hawajaoana, alikuwa msafisha mabanda wa mchana. Usiku kulikuwa na mlinzi mwingine, mtu wa makeke, aliyezunguka na debe tupu na rungu. Fisi wakisogea, alilipiga lile debe kama aliyepandwa na mashetani. Fisi walitimua mbio kweli, lakini farasi nao walipagawa. Mwishowe dume zuri kuliko wote liliruka gizani ndani ya banda, likavunjika mguu, na asubuhi ikabidi lipigwe risasi. Mwenye shamba, mtu wa maneno ya kupima, alisimama juu ya mzoga akasema, "Bora fisi wangekula mbuzi." Yule wa debe alifungashiwa virago siku hiyohiyo, na kazi ya usiku ikamwangukia msafisha mabanda.

Alijaribu filimbi. Mbwa waliijibu, farasi wakasimamisha masikio mpaka kukapambazuka. Akajaribu redio. Hiyo fisi waliiogopa siku za mwanzo tu. Baadaye wakawa wanakuja kuketi nje ya wigo wa miiba kama wasikilizaji waaminifu wa taarifa ya habari. Kisha msimu wa baridi akashikwa na mafua. Akawa anazunguka akikohoa, akaona jambo: kila akikohoa, vivuli vya nje ya wigo vilisimama, vikageuka, vikaenda zao. Na farasi hawakushtuka. Waliinamisha vichwa wakaendelea kutafuna.

Mafua yalipoisha, kikohozi hakukiacha.

"Fisi hakimbii kelele," alimwambia mkewe asubuhi moja, amekaa kizingitini akivua buti. "Anakimbia mtu aliye macho. Debe halina mtu. Redio haina mtu. Lakini akisikia kikohozi anajua hapa kuna mtu mzima, na mtu mwenyewe hana usingizi."

"Na farasi je?"

"Wao wanajua ni mimi."

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Shamba zima lilimwita Kikohozi, na yeye akaitika, kwa sababu liliitwa kwa heshima. Watu walilala vizuri kwa ajili yake. Mtoto akiamka usiku akilia kwamba amesikia fisi akicheka, mama yake alimwambia, "Sikiliza. Si huyo Kikohozi? Lala."

Kazi yenyewe ilikuwa zaidi ya kukohoa. Jua likielekea kuzama aliwaingiza mbuzi katika zizi la ndani, akazunguka wigo akitafuta mahali fisi walipochimba, akapajaza mawe na kupashindilia kwa kisigino. Aliwasha taa za pembeni. Alifunga kila mlango, kisha akalivuta komeo mara ya pili, maana komeo la bandani huonekana limeshika kumbe limedanganya. Mwisho alisimama katikati ya banda, akavua kofia, akawakabidhi wanyama kwa Mungu. Farasi aliwataja mmojammoja kwa majina. Mbuzi aliwaombea kwa mkupuo. Alisema ni wengi na ni wakorofi, na Mungu anawajua. Na baada ya mbuzi aliongeza, "Na yule wa nyuma ya ukuta."

Mkewe, kitandani, alikuwa akiyasikia maneno hayo. Hakuwahi kumwambia kwamba anayasikia.

Maisha yao yalikuwa ya kupishana. Alfajiri mume aliingia na harufu ya nyasi kavu na jasho la farasi, akajilaza palepale mkewe alipotoka, pangali na joto. Kitanda kile hakikupata kupoa, wala hakikupata kulaliwa na wawili. Mchana mke alishona nguo za watu barazani, na chini ya miguu ya cherehani alikunja blanketi kuukuu ili mtikisiko usimwamshe mzee. Jioni walikula pamoja haraka haraka, halafu yeye akachukua koti lake. Hata harusi ya binti yao mkubwa aliihudhuria akiwa nusu mtu. Katika picha ya ukoo ameketi mbele kabisa, suti imemkaa vizuri, macho ameyafumba. Binti alilia alipoiona. "Baba, hata siku yangu!" Naye akajibu, "Mwanangu, nilikuwa nakuombea." Watu walicheka, lakini mkewe alijua ulikuwa usingizi.

Hakulalamika. Kuna wanawake waume zao wanalala kando yao na hawajui walipo. Yeye alijua wake alipo usiku kucha.

Mwaka mmoja, baada ya mvua, kikohozi kilizidi. Hakuna aliyeshtuka. Mahali pengine mtu akikohoa usiku kucha huulizwa kama amekunywa dawa. Pale shambani, kadiri alivyokohoa ndivyo watu walivyolala fofofo.

"Kikohozi!" muuza maziwa alimpigia kelele asubuhi moja, akifunga madumu kwenye baiskeli. "Jana ulikazana, bwana! Nilikusikia mpaka kwangu. Fisi walikuja na ukoo mzima?"

"Walikuja na mashemeji," mlinzi akajibu.

Muuza maziwa alicheka mpaka dumu likamponyoka. Mke naye alicheka, sindano ikiwa mdomoni.

Ndani ya nyumba hakukohoa. Hilo ndilo lililompumbaza mkewe. Aliingia alfajiri, akanywa maji ya moto, akalala. Baadaye akaanza kulala ameketi, mto mgongoni. "Mgongo huu," alisema. "Umezoea kusimama." Alikonda, lakini alikuwa mtu mwembamba tangu zamani. Mkewe katika sala zake alimshukuru Mungu kwamba mume wake, pamoja na umande wote ule, hana hata mafua.

Jioni moja mawingu yalitanda na mlinzi akasahau koti lake msumarini. Mkewe akalichukua akalipeleka bandani. Farasi walikuwa wamekwisha kuingizwa. Hakumwona mtu. Akasikia kikohozi kikitoka chumba cha matandiko, mlango umefungwa. Hakikuwa kile anachokijua. Hiki kilikuwa kirefu, kizito, kimefunikwa, kama mtu anayekokota gunia sakafuni.

Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa amepiga magoti, uso ameuzamisha katika blanketi la farasi lililokunjwa, mabega yanapanda na kushuka.

Akasimama na koti lake mkononi. Nani anamkoholea fisi huku amejiziba mdomo?

Aliposhusha pumzi na kuinua uso, mlinzi alimwona. Akajaribu kutabasamu.

"Umeniletea koti."

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Baba, usinifanye mtoto mdogo. Tangu lini?"

Akalikunja upya lile blanketi, polepole, kona kwa kona. "Tangu kabla ya mvua za mwaka jana."

"Na mimi nimelala pale kama gogo! Namshukuru Mungu kila siku kwamba mume wangu mzima!"

"Ndivyo nilivyotaka," alisema. "Ulale."

Alikuwa na mahali pa kukohoa bila kuulizwa na mtu, akapatumia. Mchana alijikaza, alimeza, aliuma shuka. Kikohozi chote akakiwekea akiba mpaka usiku. Lakini kile kirefu hakukitoa nje kwenye wigo, kwa kuwa fisi, alisema, wanajua sauti ya mgonjwa. Hicho alikizika katika blanketi.

"Kesho hospitali," mkewe akasema.

"Majivu akishazaa."

Majivu alikuwa farasi jike wa kijivu, mzee kidogo, mpole. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na fisi usiku ambao mlinzi alikuwa safarini kumzika mama yake. Walichimba chini ya ukuta wa mbao, wakafuata harufu ya uzazi, na aliyekuwa ameshika zamu alilala. Mlinzi aliporudi alimkuta Majivu amesimama kwenye kona, hali, hanywi. Alikaa naye siku nzima bila kulala. Sasa Majivu alikuwa na mimba tena, tumbo limeshuka.

"Sikuwepo mara moja," alisema. "Sitakosa mara ya pili."

"Basi nitakuwepo mimi."

"Wewe?"

"Nitakohoa mimi."

Mlinzi alimtazama, akacheka, cheko likageuka kikohozi, akashika ukuta. Kilipopita akasema, "Haya. Kohoa tusikie."

Mke akaona haya. Ni mke wa mtu, ana wajukuu, amesimama mbele ya farasi anakohoa. Akajikaza akakohoa.

"Hicho ni kikohozi cha mtu anayebisha hodi ukweni."

Akakohoa tena.

"Hicho ni cha mtu aliyepaliwa na ugali. Mama, kohoa kama mwenye nyumba. Kama mtu aliyemsikia mwizi na anataka mwizi ajue."

Akavuta pumzi, akakohoa kwa uchungu wote aliokuwa nao wakati ule. Mbuzi waligeuza vichwa. Farasi mmoja alikoroma puani. Mlinzi akasema kwa sauti ya chini, "Hicho."

Mwenye shamba alipoambiwa hakuuliza maswali mengi. Alitoa gari asubuhi. Alisema taa za kumulika na kuzima, zile zinazowaka zenyewe usiku, alikwisha kuziagiza, zitafika; mpaka hapo mama ashike zamu kama anaweza, na mchunga mbuzi alale karibu naye na fimbo. Mdogo wake mlinzi, fundi baiskeli, alifunga karakana akaenda kukaa na kaka yake wodini.

Mapafu yalikuwa yamechakaa. Daktari alisema kwa upole kwamba wamechelewa, lakini watajitahidi. Mlinzi alitundikiwa maji, akawekewa mpira wa hewa puani. Wodi ilikuwa na taa zisizozimwa na watu wanaokohoa kila kitanda, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, alilala usiku kama watu wengine.

Mkewe alikesha bandani na mchana akaenda kuketi kando ya kitanda chake. Cherehani ilipata vumbi. Kila alipofika, swali lilikuwa lilelile, hata kabla ya salamu.

"Majivu vipi?"

"Anakula. Anajilaza, anainuka."

"Komeo unalivuta mara ya pili?"

"Nalivuta."

"Na fisi?"

"Wanakuja. Nikikohoa wanakwenda."

Alitabasamu kwa hilo. Mkewe hakumwambia kwamba kuna wakati alikohoa akajibiwa na cheko kutoka gizani, akang'ang'ania mlango na kulitaja jina la Mungu mpaka ulimi ukakauka. Wala hakumwambia kwamba sasa alijua upweke wa kazi ile ulivyo. Farasi wanapumua, ukuta uko pale, na nyuma ya ukuta kuna kitanda kitupu.

Siku moja alimwambia, "Chuchu zimetoa nta."

Mlinzi akafumbua macho yote mawili. Nta kwenye chuchu za farasi maana yake uzazi uko mlangoni. "Basi kesho usije. Kaa naye."

"Na wewe?"

"Mimi nina Mungu, nina manesi, nina mdogo wangu anayekoroma chini ya kitanda. Majivu ana wewe tu."

"Sikoromi," mdogo mtu akasema kutoka chini.

Mke akamnyoosha shuka, akampangusa mdomo. "Nitakuja akishazaa," akasema.

"Nenda, jua linazama."

Majivu alijilaza usiku uleule. Fisi walijua, walikuja mapema, wakaanza kuzunguka wigo. Mke wa mlinzi alimweka mchunga mbuzi kwenye mlango wa nyuma, yeye akazunguka kutoka taa hadi taa akikohoa, akirudi kumtazama farasi, akitoka tena. Koo lilichubuka, akaendelea. Miguu midogo ya mbele ilipotokea, imefunikwa na utando mweupe, alipiga magoti kwenye nyasi akakohoa akiwa amepiga magoti, huku mikono yake imeishika miguu ile. Mtoto akateleza nje, mweusi, amelowa, ana miguu mirefu isiyojua kazi yake. Majivu akageuka akaanza kumlamba. Mtoto alianguka, akasimama, akaanguka, akasimama, akatafuta chuchu akaipata.

Mke wa mlinzi akasema, "Mungu mkubwa." Na hapo ndipo, kwa mbali, jogoo wa kwanza alipowika.

Kondo la nyuma alilizika kwenye shimo refu nje ya wigo, akalifunika kwa mawe kama alivyoelekezwa. Kulipokucha alikuwa bombani akinawa damu mikononi, akipanga moyoni jinsi atakavyoingia wodini: hatasema kitu, atasimama tu mlangoni acheke, na mzee atajua.

Akamwona shemeji yake akija na njia ya magari. Alikuwa na baiskeli, lakini hakuipanda. Aliisukuma. Fundi baiskeli anayesukuma baiskeli nzima. Mke wa mlinzi akajua.

"Shemeji," akasema yule alipofika.

"Usiseme kwanza." Alifunga bomba. Alikausha mikono kwa gauni, kidole kwa kidole. "Haya. Sema."

"Kaka ametangulia."

Hakulia palepale. Alikwenda bandani akaegemea ukuta wa chumba chake, upande ule wa farasi. Shemeji akamfuata akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Walikaa hivyo mpaka jua likaingia mlangoni.

"Kuna kitu kinaniuma," shemeji akasema. "Usiku alihangaika sana. Anauliza tu, 'Amezaa? Amezaa?' Mimi ningejuaje? Nikaona roho inamtoka kwa wasiwasi. Nikamwambia, 'Amezaa, kaka. Salama. Mama na mtoto.' Akasema Mungu mkubwa, akatulia. Hakuzungumza tena." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilimdanganya, shemeji. Mtu anakata roho, mimi namdanganya."

"Ilikuwa wakati gani?"

"Sijui. Jogoo walikuwa wameanza kuwika."

Mke wa mlinzi alimtazama Majivu, akamtazama mtoto aliyelala kwenye nyasi miguu imetawanyika.

"Alikuwa amekwisha kusimama," akasema. "Alikuwa ananyonya. Hukumdanganya."

Shemeji aliinua uso, akaona ni kweli, akalia kama mtoto. Ndipo na yeye akaweza kulia.

Walimzika. Muuza maziwa alikuja na hakuwa na la kuchekesha. Mwenye shamba alishika jeneza upande wa mbele, akamwambia mjane chumba ni chake mpaka atakapochoka mwenyewe. Kisha taa zikaletwa. Zilifungwa kuzunguka wigo, zikawa zinawaka na kuzima zenyewe bila mpango, kama tochi za watu wengi wanaotembea. Zilifanya kazi vizuri sana. Fisi hawakusogea. Mlinzi mwingine hakuhitajika.

Kwa hiyo usiku shambani ulikuwa kimya. Watu walisema wanalala, lakini mjane hakulala. Alijaribu kulala katikati ya kitanda, akajikuta amerudi ukutani, sikio limegusa matofali, anasubiri. Farasi walipiga kwato. Walijikuna. Walishusha pumzi. Na baada ya hapo, pale ambapo kikohozi kingekuwa, hapakuwa na kitu.

Jioni moja aliacha chakula nusu sahanini, akachukua lile koti msumarini, akaenda bandani. Farasi walisimamisha masikio kusikia hatua. Akasimama katikati, akakohoa. Mara moja, kama mwenye nyumba.

Majivu aliinua kichwa haraka. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma yake, mlangoni, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akashusha kichwa, akarudia nyasi zake taratibu. Lakini mtoto akaja mbio kwa miguu yake mirefu, akamnusa mfuko wa koti, akabaki palepale. Kikohozi hicho ndicho alichozaliwa akikisikia. Hakujua kingine.

Mjane akawataja farasi mmojammoja. Mtoto hakuwa na jina bado, akamwita mtoto wa Majivu. Akawaombea mbuzi kwa mkupuo. Akafika mwisho, pale ambapo mumewe alimtaja yeye, na akasita, kwa sababu nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu.

"Na yule wa nyuma ya ukuta," akasema, akamwachia Mungu ajue ni nani.

Akatoka, akafunga mlango, akalivuta komeo mara ya pili.